Mama Mkwe wa Angani

Jumatatu, 6 Mei

Nimemaliza! Kapiteni wa Anga la Chini, riwaya ya kwanza ya safari za nyota kuandikwa Uvira. Labda ya kwanza kwenye Ziwa Tanganyika lote. Lionel, mpinzani wangu, atasema siyo, lakini Lionel husema siyo hata ukimwamkia.

Sasa kazi yenyewe. Kuandika kitabu ni jambo dogo. Kujenga jina ndiyo shida. Asubuhi nzima nimefanya mazoezi ya sahihi yangu: Gracien, herufi ya G inageuka roketi. Kwa sasa roketi inafanana na muhogo. Itakuja.

Mpango ni huu. Jumamosi ya wiki ijayo kitabu kinabatizwa, yaani kinazinduliwa, kama vitabu vyote vya watu wenye heshima: ukumbi wa parokia, viti vya plastiki, maua juu ya jalada, pareni na mareni, yaani baba na mama wa ubatizo. Kitabu bila mareni ni yatima. Na mareni wangu atakuwa Mama Célestine, mama yake Annie, mchumba wangu. Mwanamke mzito! Ana apolo mbili pale Kalundu, zile boti kubwa za kuvulia ndagala, dagaa wetu, kwa taa, na akikohoa soko la samaki linanyamaza.

Maana mambo ya ukweni yamekwama. Hawataki kupanga siku ya mahari mpaka waione kazi yangu. Papa Cyprien, baba yake Annie, aliniuliza kazi yangu ni nini hasa. Nikasema mwandishi wa mambo ya angani. Akauliza kama ni kazi ya Serikali. Annie akafunga macho. Baadaye akaniambia wazi: ubatizo ukifaulu, tunaoana. Ukiharibika, yeye hana nguvu ya kungoja tena. Na mimi bila Annie ni mtu gani? Mtu mwenye sahihi ya muhogo.

Hapo akili ikachemka. Sura ya Mama Célestine kwenye jalada! Yeye ndiye Kapiteni! Asijue kitu mpaka mabango yatoke. Nani atamkataa mkwe aliyemfanya malkia wa nyota?

Jumanne, 7 Mei

Kwa Noella, mchoraji. Amechora vibao vya nusu ya saluni za mji huu. Ana kipaji, bahati mbaya anajua kwamba anacho. Aliomba kusoma kitabu kwanza. Nikakataa. Mchoraji akisoma anaanza kuwa na maoni.

Nikampa maelekezo. Mwanamke mwenye nguvu, ametoka chini ya ziwa na chombo chake. Nywele ndefu. Taji. Kioo kidogo mkononi, cha kuongea na sayari nyingine. Nguo ya angani inayobana, inayong'aa kama magamba ya samaki. Mabega wazi, maana karibu na jua kuna joto. Miguu isichorwe: mwili uwe mwembamba kadiri unavyoshuka, kwa sababu pale chini linakaa jina langu, na jina langu linataka nafasi.

Noella aliniangalia muda mrefu. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia mwandishi ndiye ubongo, mchoraji ndiye mkono. Akasema basi, mkono umesikia.

Nikamwachia picha kwenye simu, ile niliyompiga Mama Célestine kwa siri kwenye harusi ya mpwa wake. Kusema kweli ndiyo iliyonionyesha uso wake. Tangu niposwe nyumbani kwao... hapana, tangu nipose, namwamkia kama adabu inavyotaka: pembeni ya njia, macho chini. Viatu vyake vyote navijua. Uso, hapana. Ni mzuri! Unafanana na wa Annie akikasirika.

Alhamisi, 9 Mei

Jalada limetoka. Machozi yamenitoka. Kapiteni anapanda kutoka majini, anang'aa, kioo mkononi, na ni Mama Célestine mtupu! Hata kidevu. Noella ana mkono kweli, ukimwongoza.

Nilimwonyesha Lionel, kwa nia njema, ili aumie. Lionel anafundisha fizikia na anaandika hadithi kuhusu roboti anayelima mpunga Luvungi. Ana ukurasa mtandaoni na watu wanampongeza, hasa dada zake. Akaangalia jalada, akaanza kucheka, akaziba mdomo. Akasema angani kuna baridi kali, yule mama atakufa na mabega yake nje. Kisha akasema kuna jambo jingine, lakini labda nijionee mwenyewe.

Wivu! Kikulacho ki nguoni mwako, ingawa yeye hayuko nguoni mwangu.

Ijumaa, 10 Mei

Nimebandika mabango tangu alfajiri. Mulongwe, sokoni, halafu barabara ya Kalundu pale maji ya ziwa yalipopanda na watu wanapita wamekunja suruali. Saa tatu nikarudi kuangalia. Umati! Watu wamesimama ndani ya maji wanasoma bango langu! Moyo ukanijaa. Nikatoa kalamu, kama kuna atakayetaka sahihi.

Nikasogea. Mama mmoja alikuwa anafanya ishara ya msalaba. Kijana wa moto, pikipiki ya abiria, anauliza huyu mwanamke anapatikana sehemu gani ya ziwa, na kama lazima umwendee peke yako. Mzee akajibu kwa sauti: "Ile ni mamba muntu!"

Mamba muntu. Yule mwanamke wa majini, nusu mtu nusu samaki, mwenye nywele ndefu na kioo, anayempa mtu utajiri wa siri. Niliangalia bango. Nikaona mkia. Naapa, mpaka dakika ile ulikuwa nafasi ya jina langu tu.

Nikajituliza. Watangazaji wakubwa wanasema kila kelele ni faida. Basi, wakidhani ni mamba muntu, watanunua! Halafu muuza ndagala mmoja akainamia uso kwenye bango, akapiga kelele kwamba huyu si Mama Célestine? Na mwenzake: "Njo maana apolo yake inarudiaka yenye kujaa!"

Nikarudisha kalamu mfukoni. Nilitembea nyumbani haraka, lakini kwa heshima.

Jumamosi, 11 Mei

Annie amekuja. Hakupiga kelele. Aliniita Bwana Gracien.

Akasema mwanaume wa kwetu hamwangalii mama mkwe machoni, anampisha njia, hata kula mbele yake hawezi. Na mimi nimemtundika ukutani, mabega wazi, nusu samaki, na jina langu pale ambapo miguu yake ingekuwa. Nikamwambia miguu ilikuwepo kwenye mawazo. Akasema kwenye mawazo ya nani?

Niliumia. Sikuwa nimemwona Annie akilia tangu mazishi ya bibi yake. Nilitaka kumshika mkono, akauficha kwenye kitenge.

Ameniomba kitu kimoja tu: nisifanye kitu. Wazee wazungumze kwanza. Nisiguse chochote, nisiandike, nisitangaze, nisieleze.

Nimeahidi. Ni wazi anategemea nifanye kitu.

Jumapili, 12 Mei

Misa. Shemasi Rénovat alihubiri kuhusu wanaochora roho za majini kisha wanaomba kuzibatiza. Hakunitaja. Aliniangalia tu, na kanisa zima likafuata macho yake. Mwishoni akatangaza kwamba ukumbi wa parokia hautapatikana tarehe kumi na nane. Nabii hana heshima kwao! Hilo hakulihubiri.

Lakini mimi nilishapata dawa. Shida ni mkia? Tuondoe mkia! Watu walipokwenda nyumbani kula, nilichukua kopo la rangi ya kijani, nikapita bango kwa bango. Nikamvisha suruali. Kila bango, suruali mbili... yaani suruali moja, miguu miwili. Uchoraji si kazi ngumu kama Noella anavyojifanya. Magoti tu ndiyo yanasumbua.

Saa kumi umati umekuwa mkubwa kuliko wa Ijumaa. Habari ni hii: mamba muntu amepata miguu. Maji yamepanda mpaka barabarani kwa sababu anatoka. Amevaa suruali ili atembee mjini. Mama mmoja ameshafunga duka.

Noella alipita, akasimama mbele ya kazi yangu. Akasema hataki kitu kingine ila jina lake lifutwe kwenye kona. Nikalifuta kwa ile kijani. Hata hapo umati ulishangilia.

Jumanne, 14 Mei

Nimeitwa ukweni. Baba mdogo Anastase amepanda moto kutoka Luvungi na kuku chini ya koti, hajui hata nimekosa nini. Njiani nilimweleza. Akasema amewahi kuombea msamaha vijana walioiba, waliolewa, waliopeleka ng'ombe kwenye shamba la watu. Kwa mkia hajui aanzie wapi. Tulipoingia tu akapiga magoti, akasema tumekosa, kabla hata hatujapewa viti.

Papa Cyprien alikuwa ameshika bango langu, mkono umenyooka mpaka mwisho, anakunja uso. Akauliza kama ni tangazo la sabuni. Mzee wa watu! Haoni kitu. Annie akasema kesho anavuka naye mpaka Bujumbura kwa daktari wa macho, watarudi Ijumaa jioni. Sikuona habari hiyo inanihusu nini.

Mama Célestine alikaa nyuma ya pazia la jikoni, kama inavyopasa anapoongea na mkwe. Mimi nikaangalia chini ya pazia. Kandambili za bluu. Dalili mbaya: za bluu huvaa akienda kugombana na wavuvi.

Nilikuwa nimetayarisha hotuba kuhusu mkia. Nikaanza. Akanikata. "Mukia haina shida." Nikadhani sijasikia vizuri. Akasema tangu Ijumaa watu wanatoka hata Kamanyola kununua ndagala zake, kila mmoja anataka zile zilizoguswa na mkono wake. Wavuvi wake hawachelewi tena. Na jirani aliyekuwa anasogeza uzio wake kila mwaka ameurudisha mwenyewe. Hata suruali aliipenda. Sauti yake ilikuwa karibu na kicheko. Baba mdogo akaanza kurudisha kuku kwenye koti.

Halafu kicheko kikaisha. Akasema jana usiku Annie alimsomea kitabu. Chote. Ile nakala niliyompa Annie kama zawadi ya uchumba! "Sasa minye nauliza. Minye nilikufa lini? Nani alinizika?"

Ukurasa wa arobaini. Kapiteni anakagua taa za chombo, anateleza, anapotea kwenye giza. Sura nzuri kuliko zote!

Akauliza ile meli jina lake nani. Nikasema Apolo. Akauliza Kapiteni akishakufa, nani anashika apolo. Nikasema... mkwe wake. Akauliza yule mkwe kazi yake ni nini kabla ya kushika apolo. Nikasema ni mshairi. Baba mdogo Anastase akauliza choo kiko wapi.

Nikaeleza! Nikasema Apolo ni jina la vyombo vya angani, vilikwenda mwezini, wazungu waliliweka wao kabla wavuvi hawajalichukua. Akajibu kwamba yeye mwezini hana kitu. Apolo anazozijua ziko Kalundu, zina taa, na mkwe anazingoja.

Halafu akaongea polepole. Akasema kaka yake mkubwa alianguka hivyo hivyo, akikagua taa, na hawakumpata. Maneno kama yale hayasemwi karibu na maji. "Ziwa inasikiaka."

Nilikuwa sijui habari za kaka yake. Nilikuwa nimeandika sura ile kitandani, nimefurahi, nikila karanga. Niliona aibu kweli, nikaangalia zile kandambili mpaka zikawa mbili mbili.

Hukumu: Kapiteni asife. Akifa, hakuna mahari, hakuna ubatizo, hakuna Annie. Nilifungua mdomo kutetea uhuru wa sanaa. Baba mdogo alikuwa amerudi, akanikanyaga mguu.

Alhamisi, 16 Mei

Siku mbili natafuta namna. Kapiteni haanguki. Anateleza, anashika kamba, anarudi, anakemea mashine. Sawa. Lakini sasa mkwe anapataje chombo? Bila kifo hakuna urithi, bila urithi hakuna sehemu ya pili, na bila sehemu ya pili kazi yangu imekwisha kabla ya kuanza!

Nilikwenda kwa Noella kuomba jalada jipya. Lionel alikuwepo, siku hizi Noella anamchorea roboti wake. Anamruhusu asome kwanza. Watazeeka wakisomeana. Kumbe Noella ameshakisoma na kitabu changu, Annie alimwazima. Kila mtu anasoma bila ruhusa.

Akanipa maoni, kama nilivyoogopa. Akasema ugonjwa wote una dawa moja. Yule mkwe ajenge chombo chake mwenyewe. Kidogo, kibovu, kianze kwa kuvuja. Kapiteni abaki na Apolo yake, mkwe amfuate nyuma na chombo chake, na mwisho waokoane.

Nilicheka mpaka nikakaa. Mkwe anayejenga chombo chake! Nani atasoma hiyo? Nikamuuliza Lionel, naye mwanaume, kama amewahi kusikia. Lionel akasema hadithi hiyo angeisoma. Ndipo nikajua ni mbaya.

Nikiwa njiani kurudi, jibu likanijia lenyewe. Kapiteni ni mzima, lakini ufunguo wa Apolo unashikwa na nani? Na Fundi Mkuu! Mzee mpole, ana mvi, ana tumbo, baada ya kula analala na redio kifuani. Mume wa Kapiteni. Ukurasa wa arobaini, Fundi Mkuu analala karibu na mlango wa chombo, mlango unafunguka, redio peke yake inabaki. Ufunguo unamwangukia mkwe. Kila kitu kinakaa! Hata majini siyo, ni angani, ziwa halihusiki.

Naona nimejifunza mengi wiki hii.

Ijumaa, 17 Mei

Nimekwenda ukweni na kurasa mpya. Pazia. Leo viatu vya ngozi nyeusi, vya Jumapili. Dalili nzuri!

Nikatangaza kwamba Kapiteni hafi. Mama Célestine akauliza kama ni mpaka mwisho. Nikasema mpaka mwisho, na anashinda vita tatu. Akauliza kama bado ana mkia. Nikasema akitaka. Akafikiri, akasema nusu ya safari awe nao, nusu avae suruali. Akauliza kwa hiyo nani anakufa, maana Annie alimwambia lazima mtu afe. Nikasema mtu mdogo tu, fundi fulani. Akasema sawa, mafundi wapo wengi.

Amekubali kuwa mareni! Ubatizo utafanyika kesho kwenye uwanja wake Kalundu, sehemu ambayo maji yameshaondoka. Hata Shemasi Rénovat atakuja. Amekula ndagala zake. Na akaongeza heshima nyingine ambayo sikuiomba: Papa Cyprien ndiye atakuwa pareni. Mareni atashika kitabu, pareni atasoma ukurasa mmoja mbele ya watu.

Nilishtuka kidogo. Halafu nikakumbuka: mzee hasomi! Anashika karatasi mbali kama inaunguza. Nitasimama nyuma yake, nimnong'oneze maneno, arudie. Hatajua anasoma nini. Kwa hiyo nimemchagulia ukurasa mzuri kuliko zote, wa arobaini, na nimeweka alama ya utepe mwekundu.

Jumamosi, 18 Mei

Naandika haraka nyuma ya nyumba ya ukweni, wageni wanaingia. Viti vimejaa. Watu wametoka hata Kamanyola kuona mamba muntu akibatiza kitabu. Baba mdogo Anastase amekuja na kuku yule yule, nimemwambia leo hatamhitaji. Noella amechora jalada jipya, Kapiteni ameshika taa, na jina la Noella liko kwenye kona, kubwa kuliko nilivyoruhusu. Lionel anaongoza sherehe na tayari amenitaja vibaya mara moja.

Annie ameniita Gracien, bila Bwana. Amevaa kitenge cha manjano. Ameniuliza kama kweli hakuna mtu wa familia yao anayekufa kwenye kitabu. Nikamwambia asome mwenyewe baadaye, ni zawadi.

Nimemwamkia Papa Cyprien, pembeni ya njia, macho chini, kama inavyopasa. Viatu vipya vya Bujumbura. Alikuwa ameshashika kitabu na, ajabu, alikuwa amekishika karibu. Nikamwambia asihangaike, nitakuwa nyuma yake kumnong'oneza. Akajibu kwamba haitahitajika, mwanangu, ameshaanza kuangalia pale penye utepe. Sauti yake ilikuwa ya polepole sana. Masikini, anajikaza mbele ya watu!

Wananiita. Ni sasa. Kuna kitu kiling'aa juu kule usoni kwake, vioo viwili vya duara, lakini sikuinua macho. Heshima ni heshima.